Kilo za Mzee Chonga

Mji wa Kale, Mombasa
12 Januari 2025

Arnold mwanangu,

Mimi Chonga wa Jefwa nina miaka sabini na moja. Nimezika wake wawili, marefa watatu, mameneja wa bandari hata siwajui idadi, na daktari mmoja aliyeniambia nisinyanyue kitu kizito maana moyo wangu ni mdogo. Huyo jeneza lake nililibeba mwenyewe, tena upande wa mbele. Basi usiniulize kama mimi mzima.

Simu sitaki. Yangu ilitumbukia majini pale Feri nikipanda, nikaiacha iongee na samaki. Kalamu ninayo, ngumbaru nilisoma, na bahasha nampa dereva wa basi la kwenu pale Mwembe Tayari. Nawe nijibu njia hiyo hiyo.

Sasa kaa chini. Reli wametuita!

Unamkumbuka Tony wa reli, yule mrefu mwenye masikio ya kupepea? Kanikuta Makadara nanunua mbaazi, akanisemea mbele za watu, "Mzee Chonga, wavuta kamba wako wa bandari siku hizi wanavuta nini, pumzi?" Watu wakacheka, hata muuza mbaazi akacheka na hela yangu mkononi. Nikamwambia lete kamba. Akasema Jumatatu ya Pasaka, uwanja wa Makadara. Nikasema hata kesho.

Kila upande wanane, wale wale wa zamani, hakuna kijana. Na kikomo cha uzito ni kile kile cha zamani, tutapimwa kwa desturi yetu, wanane kwa pamoja juu ya mizani ya magunia ghalani kwa Fuad. Hapimwi mtu peke yake, haulizwi mtu una kilo ngapi, na akishuka mmoja wote mmeshuka. Basi Jumamosi niliwapandisha waliopo, wako saba. Fuad akaangalia mshale, akaniangalia mimi, akasema, "Mzee, hawa ni watu au ni saruji?" Saba tu, na tumeshapita uzito wa wanane! Faraj siku hizi anauza viazi karai, anauza kimoja anakula kimoja, tumbo linafika uwanjani kabla yake.

Lakini nimewashika. Kila asubuhi mbio Makadara mpaka Feri na kurudi, halafu tunavuta pipa la mchanga kwa kamba. Kyalo alitapika mbele ya watoto wa shule. Mimi nawafuata nyuma na filimbi, sichoki.

Ninachokosa ni wewe. Mtu wa mwisho, nanga yangu, kamba begani, visigino ardhini, nani alikutoa wewe mahali ulipojichimbia? Una miaka arobaini na tisa, bado mtoto. Panda basi.

Mimi mwitaji wako wa kamba,
Chonga wa Jefwa


Webuye
23 Januari 2025

Mzee Chonga,

Shikamoo. Barua yako niliisomea dukani, nikacheka peke yangu mpaka wateja wakanitazama. Nilipofika pale pa Tony nilisimama, haki ya Mungu, nikajikuta nimekanyaga kama nimeshika kamba.

Mzee, sitaweza kuja. Duka la vifaa vya ujenzi halina mtu wa kuliachia, na mahindi yanataka kupandwa. Goti nalo linanisumbua kidogo. Mtafute nanga mwingine hapo hapo, Mombasa haikosi watu wazito.

Mimi sijambo kabisa. Natembea kila asubuhi na mke wangu Nekesa mpaka mtoni. Nilijifunza kwa kuchelewa, Mzee. Sisi tuliacha kuvuta lakini hatukuacha kula kama wavutaji. Ugali wa mtu anayevuta tani unamfanyaje mtu anayeuza misumari? Waambie akina Faraj wapunguze polepole, wasijikondeshe kwa pupa. Nawe usikimbie nao.

Wasalimie sana.

Arnold


Mji wa Kale
8 Februari 2025

Arnold,

Mahindi! Mimi nakuita vitani wewe unaniambia mahindi!

Haya, kaa. Sina haja. Wa nane nimempata na jina lake ni Chonga. Ndiyo, mimi. Nilivuta kabla sijaita, wewe hujazaliwa. Nitavuta huku naita, mdomo na mikono havigombani.

Na sikiliza ajabu ya Mungu. Kupungua, hawa vijana wangu wanalia, wananyimana chapati, wanapungua kidogo mno. Mimi nakula kama kawaida, naongeza hata, na napungua kila wiki! Mshipi nimeutoboa tundu jipya kwa msumari, halafu jingine. Mzee wa sabini na moja anawashinda wote kwa mazoezi! Jumamosi tulipopanda mizani mshale ukashuka vizuri, Fuad akapiga makofi. Na kwa kuwa hesabu ni ya wote, kilo ninayopunguza mimi Faraj anabaki nayo. Wakanibeba juu juu. Faraj akaniambia, "Mzee, tumbo langu lakushukuru, limesema uishi miaka mia." Sasa kila wiki wanauliza, "Mzee umetupunguzia ngapi?" Wenyewe wanakula viazi.

Joto la mazoezi linanipa kiu kubwa. Namaliza mtungi, nikitoka hapo nakwenda kwa yule wa maji ya miwa Makadara, glasi baada ya glasi, ile sukari inatia nguvu za haraka. Na choo kidogo hakikomi, lakini huo ni mwili unajisafisha, wameniambia hata wachezaji wakubwa ni hivyo.

Tony nilimwona jana. Aliniangalia juu mpaka chini, akavuka barabara. Ameogopa.

Chonga, mwitaji na mvutaji


Webuye
17 Februari 2025

Mzee Chonga,

Shikamoo. Barua yako nimempa Nekesa asome. Unajua yeye ni muuguzi kwenye zahanati. Hakucheka. Anakuuliza haya, nawe tafadhali ujibu kweli. Je, miguu inawaka moto au kufa ganzi? Macho yanaona vizuri? Una kidonda chochote kisichopona? Unachoka baada ya kula?

Anasema pia uache maji ya miwa leo, si kesho.

Nenda ukapimwe sukari, Mzee. Ni tone moja la damu, wala hawakulazi. Nakuomba kama mtoto wako.

Arnold


Mji wa Kale
5 Machi 2025

Arnold,

Mwambie Nekesa namheshimu sana, awatibu watu wa Webuye, wa Mombasa tuna upepo wa bahari.

Macho yangu yana ukungu kidogo kwa vumbi la pipa la mchanga. Kisiginoni buti imenichubua, kijidonda hiki hata hakiumi, mwanamume asiyechubuka hajavuta kamba. Ganzi ndiyo ipo, inafaa, nakanyaga changarawe pekupeku wenzangu wanaruka kama kuku. Umeona? Kila ulichokiita ugonjwa mimi ninakitumia.

Kwa waislamu wetu Ramadhani imeingia, nami nilijua taabu itakuwa hapo. Faraj anafunga mchana, lakini futari! Kaimati, sambusa, viazi vya nazi, mikate ya sinia. Nilimkuta anakula tende kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili anaapa kuwa anapungua. Si neno. Mimi nimepungua kwa ajili yake na kwa ajili ya Kyalo pia. Kilo mbili tatu zaidi na tumefika, bado wiki nyingi mbele!

Wewe zamani hukuwa mwoga. Ni hiyo baridi ya kwenu.

Chonga


Webuye
9 Machi 2025

Mzee wangu,

Sikukuambia ukweli. Goti langu ni zima.

Nina kisukari. Mwaka wa tatu huu. Nilianza kama wewe. Nilikuwa na kiu, nikawa nashinda chooni, nikakonda, na watu wa soko wakanipongeza, "Arnold umekuwa kijana!" Nikafurahi. Nikanunua suruali mpya. Nikapata kidonda kwenye kidole cha mguu, hakikuuma, nikakifunga kitambaa nikaendelea kubeba simiti. Siku moja nilianguka dukani. Nilipoamka, daktari alisema mguu utaokolewa, kidole hakitaokolewa. Kidole kidogo cha kushoto, Mzee, kimekatwa.

Niliona haya kukuandikia. Mtu wa mwisho anasimama kwa miguu yake, nawe ulinisifia miguu hiyo mbele ya uwanja mzima. Nilitaka ubaki nayo kichwani ilivyokuwa.

Leo mimi ni mzima kuliko nilivyokuwa na miaka arobaini. Nakula kwa mpango, nameza dawa, natembea, nanyanyua mifuko kwa kiasi. Lakini wewe hupungui kwa mazoezi. Unaliwa. Na kila Jumamosi watu wanaokupenda wanakupigia makofi.

Tufanye biashara. Nenda ukapimwe, ukubali matibabu yote, na daktari wangu akiniruhusu nitakuja kusimama mwisho wa kamba. Usipokwenda sitakuja hata kwenye maziko yako. Nimemaliza.

Arnold


Kibokoni, Mji wa Kale
16 Machi 2025

Kwa Bwana Arnold,

Assalamu alaikum. Mimi ni Mejumaa, Mzee Chonga amepanga chumba kwangu. Wanijua kwa jina tu.

Mzee haoni kusoma tangu mwezi uliopita. Barua zako nalimsomea mimi, naye yuwaniapisha nisimwambie mtu. Zake yuwaandika kwa kupapasa, mimi nazinyosha mistari. Hii yako ya mwisho nalimsomea barazani. Nilipofika pa kidole alinishika mkono nisiendelee. Kisha akasema, "Mwongo huyu, ataka kunitisha." Nikamwambia, "Mzee, mtu hakatwi kidole chake ili akutishe wewe." Akaingia ndani, hakula futari niliyompelekea, na kaimati zangu hakuzikataa hata siku moja.

Nami kiapo kilinishinda. Nikatwaa barua yako nikampelekea Faraj.

Jumamosi wote walikwenda kwa Fuad. Nami nalikwenda, nikasimama mlangoni. Wakapanda mizani wanane. Fuad akatazama mshale akapiga ukelele, "Imetimia! Imetimia barabara!" Mzee akainua mikono juu, akaimba, akapiga filimbi. Kisha Faraj akashuka. Kyalo akashuka. Wakashuka wote saba.

Mzee akasema, "Pandeni! Nani amewashusha?"

Faraj matozi yamtoka mtu mzima yule. Akasema, "Mzee, mimi nimekula kilo zako. Sipandi tena na wewe mpaka upimwe."

Mzee kabaki pale juu peke yake, na ile mizani, wasema, haijapata kupima mtu mmoja. Akaugeukia mshale, akakaza mato, asiuone. Akauliza, "Fuad, ni ngapi?" Fuad akaufunika mshale kwa kiganja. Mzee akauliza mara ya pili, si kwa sauti yake ile. Akashuka taratibu, akasema, "Haya, twendeni huko hospitali kwenu, mnyamaze."

Wamemlaza. Nesi alipotia damu katika kile kimashine hakikuandika nambari, kiliandika kuwa imepita kiasi. Kidonda cha kisigino kilikuwa kimeingia ndani, lakini daktari yuwasema tumewahi, mguu utabaki. Mwombee dua.

Mejumaa


Wodini
27 Machi 2025

Arnold mwanangu!

Umesikia? Sukari yangu imeshinda mashine! Nesi Loise anasema sukari za wodini humu zote zinasomeka kwa nambari, yangu haikusomeka. Nimewaambia wagonjwa wenzangu, nyinyi mnaumwa kwa kupimika.

Nimepata nafuu. Ukungu wa macho unaondoka, barua hii naiandika na kuisoma mwenyewe. Daktari ni kijana mdogo, nilitaka kumdharau, lakini alipokisafisha kisigino aliniambia, "Mzee, wiki mbili zaidi tungekuwa tunazungumza kuhusu goti." Nilinyamaza. Mwambie Nekesa kwamba Chonga alinyamaza, hatakuamini.

Sindano ya insulini najichoma mwenyewe tumboni, Loise amenionyesha mara moja nikajua. Kyalo alikuja kunitazama, akaona sindano, akakaa chini sakafuni. Nikamwambia na wewe utavuta kamba?

Faraj ndiye amenishangaza. Anapungua! Futari ni uji na samaki wa kuchoma. Tumbo linarudi nyumbani. Anasema hatakula tena kilo ya mtu. Akawapeleka wote saba wakapimwe, naye mwenyewe akakutwa sukari imeanza kupanda, ameambiwa ukiendelea na mazoezi utaishusha. Unaona timu yangu? Hata ugonjwa tunaukabili kwa mstari.

Kuvuta nimekatazwa. Kuita hawajanikataza, nimewauliza vizuri. Mimi biashara yangu nimetimiza. Sasa wewe.

Chonga


Webuye
8 Aprili 2025

Mzee Chonga,

Shikamoo. Nimeisoma yako mara nne, na Nekesa anaipeleka zahanati awasomee wenzake.

Daktari ameniruhusu. Nekesa ameukagua mguu kama anayenunua ng'ombe, naye ametoa masharti, kiatu kirefu kigumu, soksi mbili, na kupumzika nikichoka. Jana nilifunga kamba kwenye mti wa nyuma ya duka, nikaegemea. Mzee, mwili unakumbuka! Kidole hakipo lakini kisigino kilijichimbia chenyewe.

Nashuka Mwembe Tayari Jumamosi asubuhi kabla ya Pasaka. Usije kunipokea, pumzisha mguu.

Nanga yako,
Arnold


Mji wa Kale, Mombasa
22 Aprili 2025

Kwa mwanangu Nekesa,

Mumeo anapanda basi leo kurudi, hii nampa dereva wa basi lile lile, yeye mwenyewe hajui kama imo. Nakuandikia kwa sababu Arnold atakwambia aliteleza, na mimi sitaki uongo kuhusu siku ile.

Kwanza ujue nilikwenda kumpokea. Nilikwenda kwa tuktuk, mguu juu ya kiti, nao wote saba. Aliposhuka Mwembe Tayari walimkimbilia kama bibi harusi, utingo akadhani ni wezi, akamshika Kyalo kola.

Kwa Fuad walipanda mizani wanane, uzito ukakubali na nafasi ikabaki. Faraj alisema, "Ningejua ningekula yai." Tukafika Makadara uwanja umejaa pande zote, watoto juu ya kuta, Bi Mejumaa na wenzake wameleta mikeka, Tony anajinyosha kama twiga.

Mvuto wa kwanza tulipoteza, sikufichi, niliita mapema. Wa pili! Nekesa, wa pili ungeuona! Niliita "Shika!", nikaita "Kaza!", wakalala wote pamoja kama mlango uliofungwa. Niliposema "Vuta!" reli waliteleza na viatu vyao na fahari yao mpaka kwenye mstari. Watu wakapiga mayowe mpaka shungi za Mejumaa zikapeperuka. Mumeo nyuma, kamba begani, anacheka huku anavuta. Sijamwona mtu wa miaka arobaini na tisa kama yule.

Wa tatu ndio wa kuamua, nao ukawa mrefu. Hakuna aliyekwenda mbele wala nyuma, kamba inalia tu. Nikatembea ubavuni mwao naita, mmoja mmoja kwa jina. Kisha nikaona reli wanavunjika. Visigino vya Tony vinaanza kuteleza. Ilibaki mara moja tu niseme "Vuta!" na ushindi ni wetu, ningeufikisha kaburini.

Nikafika kwa Arnold. Jasho limemtoka la baridi, midomo inatetemeka. Nikamwita, "Arnold!" Akanitazama hanijui. Hanijui mimi! Mikono imeshika kamba, mwenyewe hayupo. Loise alitufundisha wodini, ukimwona mwenzako wa kisukari yuko hivyo ujue sukari imeanguka, usingoje kitu.

Maisha yangu yote ya kuita sijapata kulitamka lile neno. Nikalitamka, kwa sauti ambayo mpaka Feri waliisikia. "ACHIA!"

Wakaachia wote saba, hakuna aliyeuliza kwa nini, nami nikaitoa kamba begani kwa Arnold. Reli wakaanguka chali nane kwa mpigo, mmoja juu ya mwingine, Tony chini kabisa. Mimi niko kwa mumeo, nimempakata, Faraj anamimina soda kinywani mwake polepole, Mejumaa anampepea. Baada ya muda kidogo akafumbua macho akaniambia, "Mzee, tumeshinda?" Nikamwambia tumeshinda.

Refa amewapa reli. Na awape. Alikuja Tony na mchanga mdomoni kutupa mkono, nikamwambia, tazama, nyinyi mko chini na sisi tumesimama, nani kamwangusha nani? Akatema mchanga, akacheka.

Nimeshamgombeza mumeo, alimeza dawa akavuta bila kunywa chai kwa ajili ya furaha. Mgombeze na wewe, lakini kidogo. Mguu wake niliutazama mwenyewe, hauna hata mkwaruzo. Mimi nachoma sindano yangu asubuhi na jioni, natembea na wote saba mpaka Feri kwa mwendo wa pole, na Tony ameanza kuja, anasema anataka kujua tunapika nini.

Kamba haikumponyoka Arnold. Niliiachisha mimi Chonga, kwa hiari yangu, ushindi ukiwa mkononi. Akikubishia mtu, muulize Faraj aliyeshika ile soda, muulize Bi Mejumaa aliyekuwa na upepeo, muulize Kyalo, muulize Fuad wa mizani ambaye hana timu. Na kama hao wote utasema ni watu wangu, muulize Tony wa reli, yeye alikuwa chini ya wote na alisikia kila kitu.

Chonga wa Jefwa